Kati ya Themanini na Mia Mbili

Mke wangu alikuwa na sauti nene kuliko yangu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi waliomfahamu kanisani kwetu Kamachumu hawalijui, na kutolijua kwao ni kosa langu. Wanamkumbuka kama mwanakwaya aliyeanza vizuri, kisha akaingiwa na woga wa watu, sauti ikawa ndogo, mwisho akaacha kuongoza nyimbo. Hakuwa na woga wowote. Sauti yake niliipunguza mimi kwa mkono wangu, miaka sita, bila kujua ninachofanya.

Kazi yangu ni mtambo wa muziki. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kuuliza na kwa kuunguza. Nina spika mbili za juu, zile tunazoita topu, zinazosimama kwenye miguu ya chuma, na sabufa moja kubwa ya kukaa chini, ambayo wanaume wawili wakiibeba hawaongei. Nimefunga mtambo huo kanisani kwetu kila Jumapili, na kwenye harusi, mahafali, mikutano ya injili na misiba, Muleba yote ya juu, na mara nyingine hadi vijiji vya Bukoba, Maruku na kwingineko.

Topu kazi yake ni sauti za watu na vyombo vyembamba. Sabufa kazi yake ni ngoma na besi, vitu vinavyosikika kifuani kabla ya masikioni. Kati yao kuna mpaka, na mpaka huo unauweka wewe fundi kwa vitufe viwili vya kuzungusha. Kitufe cha kwanza kiko kwenye amplifaya ya sabufa, kinaiambia: imba kutoka chini kabisa hadi hapa, usipande. Cha pili kiko kwenye amplifaya ya topu, kinaziambia: anzieni hapa kwenda juu, msishuke. Tunaita krosova. Inapimwa kwa hezi. Namba ndogo ni sauti nene, namba kubwa ni sauti nyembamba. Sabufa ikiishia mia na topu zikaanzia mia, au karibu na hapo, moja inaipokea nyingine, na msikilizaji hajui kama kuna masanduku zaidi ya moja.

Ni kama vijiji viwili vinavyosafisha barabara moja. Hawa wanafyeka kutoka kwao mpaka kwenye daraja, wale wanafyeka kutoka kwao mpaka kwenye daraja, gari linapita. Sasa kijiji kimoja kikiamua kuishia mbali na daraja, na hakuna aliyeambiwa, panabaki kipande kina majani mpaka kiunoni, na kila upande unadhani ni kazi ya wengine.

Mimi niliacha kipande hicho.

Ilianza kwenye harusi moja Muleba mjini. Vijana walitaka muziki mnene, nikawapa, na topu moja ikaanza kukoroma, kisha ikatoa harufu ya waya ulioungua, ikanyamaza. Bibi harusi alikuwa anaingia. Aibu ya siku ile siwezi kuieleza. Nikaipeleka spika Bukoba kwa mzee mmoja Mwislamu anayetengeneza spika karibu na soko, mtu mpole, mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Akanibandikia koni ya kubahatisha, ile karatasi ya ndani inayotikisika na kutoa sauti, kwa sababu nzuri hakuwa nayo.

"Hii ni dhaifu," akaniambia. "Usiipe kazi ya kubeba magunia. Topu zako zote mbili zianzie juu, mia mbili hivi, ipumue. Ukishapata koni ya kweli, rudisha chini."

Nikafanya alivyosema. Koni ya kweli niliipata baada ya miezi michache, akanifungia yeye mwenyewe. Kurudisha kitufe sikurudisha. Sikusahau, ningesema nilisahau ingekuwa nafuu. Niliogopa. Nilikuwa nakumbuka ile harufu, nikasema ngoja kwanza harusi hii ipite, ngoja na hii. Sabufa niliiacha ikiishia themanini, kwa sababu hapo ngoma inapiga safi, haivumi. Watu walicheza, hakuna aliyelalamika. Mchungaji wetu mwenye sauti nzito alianza kusikika kama mtu anayeongea kwenye simu, nikasema ni maikrofoni. Ukizoea kukaa nyuma ya mtambo wako mwenyewe unakuwa na majibu mengi.

Kati ya themanini na mia mbili hapakuwa na mtu anayeimba. Na mke wangu sehemu kubwa ya sauti yake ilikuwa hapo.

Katika kwaya yetu wanawake wengi huimba sauti ya kwanza na ya pili. Yeye aliimba ya tatu, pamoja na wanaume. Nilipomchumbia, ndugu zangu walinitania kwamba nikipiga simu kwao nihakikishe siongei na kaka yake. Yeye alicheka kuliko wote. Asubuhi alipomenya ndizi jikoni, ameinamisha kichwa, kisu kinakwenda chenyewe, aliimba chini chini, na mimi nikiwa sebuleni nilisikia kwa miguu kama kwa masikio. Akianika kahawa uani aliimba. Akichambua maharage aliimba. Kwa sauti ile aliwaongoza wenzake kwenye nyimbo za zamani ambazo zinahitaji mtu mmoja aanze peke yake, chini kabisa, kabla wengine hawajaingia.

Jumapili ya kwanza baada ya mimi kupandisha topu, aliongoza. Tulirudi nyumbani kwa mguu, yeye amebeba viatu mkononi kwa sababu ya matope.

"Fundi," akasema. Aliniita hivyo akitaka kunitania. "Leo mashine yako imenila."

"Imekula wapi?"

"Kooni nasikia ninaimba mimi, huko nje anatoka mtoto."

"Maikrofoni uliiweka mbali."

"Mbali? Niliisogelea mpaka nikaogopa nitaimeza!"

Tukacheka. Jumapili iliyofuata alisogea zaidi, na ile iliyofuata pia. Nikamwongezea sauti kwenye mikisa, kile chombo cha kuchanganyia sauti, mtambo ukapiga filimbi, watu wakaziba masikio, nikapunguza. Mazoezini walikokuwa wakiimba bila mtambo alikuwa yule yule, kanisa linajaa. Jumapili mbele ya watu anatoka mwembamba. Wenzake wakaunganisha mambo kama mtu yeyote angeunganisha: huyu ameingiwa na woga. Waliimba wanaume wanne kwenye sauti ya nne, ya chini kabisa, na wao pia walikuwa wamepungua, lakini kwa kuwa walikuwa wanne na hawakuimba mmoja mmoja, hakuna aliyewahesabu. Aliyesimama peke yake kwenye kile kipande cha majani alikuwa mke wangu.

Siku ya kipaimara ya binti yetu mdogo aliongoza tena. Mama yake mzazi alikuwa amekuja kutoka Kaagya, amekaa benchi la pili, amevaa kitenge kipya. Baada ya ibada, pale nje, mwanakwaya mmoja mwenye mdomo akamwambia mke wangu mbele ya watu:

"Mwenzetu, leo ulikuwa unaimba au ulikuwa unasali moyoni?"

"Nilikuwa nakuombea wewe upate adabu," akajibu. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Lakini mama yake hakucheka, alikuwa anamwangalia.

Jioni, wageni wameondoka, nilikuwa nakunja waya uani. Akaja akasimama karibu.

"Niambie ukweli," akasema. "Wewe ndiye unayesikiliza vitu. Sauti yangu imekwisha?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nahesabu waya, mmoja haukuonekana. Sikuinua kichwa.

"Labda inazeeka," nikasema. "Kila kitu kinazeeka."

"Haya," akasema.

Hilo ndilo neno lake lote. Akarudi jikoni. Wiki ile alimwambia mwalimu wa kwaya amtafute mwingine wa kuongoza, yeye atasimama nyuma. Aliendelea kuimba nyuma, mwisho wa mstari, upande wa ukutani, kwa miaka iliyobaki. Nyumbani hakuacha. Jikoni sauti ilikuwa ile ile. Niliisikia kila asubuhi, na kila Jumapili nikafunga mtambo, na vitu hivyo viwili sikuviweka pamoja hata siku moja.

Alianguka kwenye mkeka wa kahawa, mchana, wakati wa kugeuza buni. Ilikuwa presha. Siku tatu hospitali, hakuamka kuongea na mtu, na siku ya tatu akatutoka.

Kwetu mfiwa hashiki kazi. Unakaa. Unaona kuni zimekwisha, unakaa. Unaona wageni wamekosa pa kuketi, unakaa, watu wengine watafanya. Nilikaa sebuleni juu ya majani yaliyotandikwa, karibu na jeneza, pamoja na kaka zangu. Mtambo wangu ulikuwa unafungwa nje na mikono mingine. Alikuja kuufunga fundi wa Muleba mjini, ambaye kwa miaka mingi tulikuwa tunagombania wateja. Sabufa yangu aliiita kinu, na mimi yake niliiita jeneza la kuku. Lakini alipopata habari alikuja kabla ya majirani wengi, akaingia, akanishika mkono, akasema, "Kaka, kaa. Mimi niko nje."

Nikamsikia anapima: moja, mbili, moja, mbili. Kisha ngoma ikapiga kidogo, ikazimwa. Nilijua anagusa vitufe, na hata katika hali ile moyo wa fundi ukachukia kidogo.

Mwalimu wa kwaya alikuwa na rekodi ya zamani, ya mazoezi, aliyoichukua kwa simu ndani ya kanisa tupu wakati mke wangu bado anaongoza. Alikuwa ameitia kwenye flashi, akampa fundi. Hakuniuliza, wala haikuwa lazima.

Sauti yake ikaingia kupitia dirishani.

Sijui niliseme vipi. Haikuwa kubwa. Ilikuwa yeye. Ilikuwa yule wa jikoni, na kisu na ndizi, yule niliyemsikia kwa miguu. Ilipita kwenye ukuta, majani niliyokalia yakawa nayo. Na nilijua spika zile; nilizijua kama vidole vyangu; ni topu zangu na sabufa yangu, na kwa miaka sita hazijawahi kumtoa hivyo. Nikasimama. Kaka yangu akanishika, akadhani ninataka kujitupa kwenye jeneza. Nikamwambia niache nitoke. "Hutoki," akasema, "mfiwa hatoki." Nikakaa tena. Watu waliponiona nimeziba uso walidhani ni kilio cha kawaida, na kilikuwepo hicho pia. Lakini nilichokuwa nimekiona ni jambo jingine, na wakati ule ndani ya chumba kile nilikijua peke yangu.

Tulimzika kibanjani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na miti ya kahawa aliyoipalilia.

Kesho yake fundi wa Muleba alirudi kuchukua vifaa vyake na kunipangia vyangu. Nikamfuata banda la kuwekea mtambo.

"Jana ulifanya nini kwenye mtambo?"

"Kaka, nisamehe. Mtambo wa mtu hauguswi. Lakini topu zako zilikuwa zinaanzia mia mbili na kupita, sabufa inaishia themanini. Pale katikati ulimwachia nani?" Akacheka kidogo, kicheko chetu cha kazini. "Nikarudisha mia na mia. Umekaa hivyo tangu lini?"

"Miaka sita."

"Miaka sita! Na watu wanakulipa!"

Kisha akanitazama. Naona alianza kukumbuka alichokicheza jana. Akauliza polepole, "Shemeji alikuwa anaimba sauti ya ngapi?"

"Ya tatu."

Aliweka chini waya aliokuwa ameshika. Alipoondoka aliniaga kama anavyoagwa mgonjwa.

Ningeweza kunyamaza. Yule fundi asingesema. Lakini nilikuwa nimemwambia mtu uongo kuhusu mwili wake mwenyewe, akauamini, akasimama ukutani nao mpaka akafa. Kwake siwezi kuurudisha. Nikaona angalau watu waliouamini pamoja naye wausikie ukweli. Nilimwambia mwalimu wa kwaya. Alisikiliza yote, akavua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema, "Na mimi nilimpa mwingine nafasi siku ile ile alipoiacha. Sikumbembeleza." Basi.

Aliyebaki ni mama yake.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Unasalimia kwa mbali, unaangalia chini, humpi mkono, huketi naye mezani. Siku hizi wengi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi sikutaka kumwachisha. Nilikwenda Kaagya, nikakuta amekaa mlangoni kwake anachambua kahawa kwenye ungo. Nikaketi kwenye kigogo upande wa pili wa uwanja, nimegeukia migomba. Tuliongea hivyo, mimi nikiangalia migomba.

"Waitu mama," nikasema kwa Kihaya, kwa heshima, "nimekuja na neno."

"Sema, nasikia."

Nikamweleza. Krosova sikuitaja, nilimweleza ile barabara na vile vijiji viwili. Nikamwambia kijiji kimoja nilikuwa mimi na cha pili nilikuwa mimi pia. Nikamwambia alichoniuliza binti yake siku ya kipaimara, na nilichomjibu. Nilisikia kahawa inapita kwenye ungo, kisha sikuisikia.

"Siku ile nilikuwepo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilisikia mtoto wangu ana sauti ya mtu aliyefungwa kamba. Nikarudi hapa sikulala. Unajua nilisema nini? Nilisema yule mwanamume anampiga."

Niligeuza kichwa kidogo, nikakumbuka, nikaangalia chini.

"Miaka yote hii," akasema. "Kila akija hapa namtazama mikono, namtazama shingo. Namuuliza, unaishi vizuri? Anasema vizuri. Nasema ananificha. Nimezeeka nalo."

"Sikumpiga, mama."

"Sasa nasikia." Nikasikia ungo unawekwa chini. "Jikoni kwako alikuwa anaimba?"

"Alikuwa anaimba."

"Ile sauti yake?"

"Ile ile."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

Niliangalia migomba. Kulikuwa na mmoja umeinama kwa uzito wa mkungu, umewekewa mti wa kuutegemeza. Nikatafuta jibu la fundi, na majibu hayo ninayo mengi, nikakosa hata moja.

"Nilijua," nikasema.

Nikasikia anainuka, anachukua ungo, anaingia ndani. Mlango haukufungwa, lakini hakutoka tena. Nilingoja mpaka jua likasogea, nikaondoka.

Zikapita wiki kadhaa. Sikupeleka mtambo popote. Waliouliza niliwaambia nina matanga, na ilikuwa kweli. Kisha shemeji yangu wa Kaagya, ndugu wa mke wangu, akanipigia simu.

"Mama anasema uilete hiyo mashine."

"Kufanya nini?"

"Sijui. Amesema uilete yote, na ile sauti ya dada. Nimemwambia naweza kumchezea kwenye simu. Amesema simu ni mdomo wa panya."

Nilikodi pikapu, tukapakia topu, sabufa na amplifaya. Nilifunga mtambo kwenye uwanja wake saa nne asubuhi, jua kali, umeme nikiuvuta kwa waya kupitia dirishani. Topu moja kila upande wa mlango, sabufa katikati, chini. Amplifaya niliziweka mbali, nyuma ya mti wa kahawa, kadiri waya zilivyofika, ili nisiwe mbele yake. Yeye aliketi kwenye mkeka mbele ya mlango, shemeji yangu pembeni. Majirani wawili wakachungulia kwenye ua.

"Kuna harusi?"

"Hakuna," mama mkwe akawajibu. "Kaeni au mwende."

Wakakaa.

Kisha akapaza sauti upande wangu, bila kunitaja. "Aanze na ile ya kanisani."

Sikumwelewa. Shemeji yangu akanifafanulia: anataka kwanza aisikie kama ilivyokuwa siku ya kipaimara. Mkono wangu haukutaka. Nilirudisha topu mia mbili na zaidi, sabufa themanini, pale pale, kitufe kilipapata chenyewe kwa mazoea. Nikaweka flashi. Mke wangu akaanza kuimba, mwembamba, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango.

"Ndiyo," mama yake akasema. "Huyu ndiye niliyemsikia."

Akaniacha nao wimbo ule mpaka nusu. Nadhani alitaka niusikie naye. Kisha akasema, "Haya. Mlete."

Nikaanza kushusha topu, polepole sana, kitufe kinatembea upana wa ukucha. Sikumwona, nilimsikia tu.

"Si yeye."

Nikashusha.

"Si yeye. Huyo ni shangazi yake."

Jirani mmoja akacheka, akanyamazishwa. Nikashusha topu tena, nikapandisha sabufa kuzikuta. Nikapandisha kupita kiasi, sauti ikaanza kutoka ardhini, imejaa, nzito.

"Sasa umemfanya mwanamume!" akasema. "Rudi. Umempita. Rudi kidogo."

Nikarudisha. Wimbo ulikuwa umefika pale anapoanza peke yake mara ya pili, chini kabisa. Nilirudisha kidogo tena.

Hakusema kitu.

Niliangalia vitufe. Havikuwa kwenye themanini wala mia. Vilikuwa mahali pasipo na namba, katikati ya alama mbili, mahali ambapo mimi na yule wa Muleba na mzee wa Bukoba hakuna ambaye angepachagua. Aliyepachagua ni mwanamke asiyejua krosova, aliyemsikia mtu huyu akilia siku aliyozaliwa. Nikaondoa mkono wangu.

Kwaya ikaingia, wimbo ukaenda mpaka mwisho. Siku ya mazishi fundi alizima hapo. Mimi mikono yangu ilikuwa magotini, sikuwahi kuzima, na rekodi ikaendelea: viti vinasogezwa, mtu anakohoa, mwalimu anasema jambo la vitabu. Halafu mke wangu, karibu kabisa na simu, anauliza mtu kwa Kihaya kama mvua imeanza. Anauliza hivi hivi, kama mtu aliyeacha kahawa yake uani.

"Bado," mama yake akajibu.

Alijibu kwa sauti ya kawaida, ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili. Rekodi ikakatika. Shemeji yangu alikuwa ameinamisha uso magotini. Majirani hawakusogea.

Baada ya muda nikamsikia mama mkwe tena, na safari hii aliniita mimi.

"Mkwe. Rudisha pale anapouliza."

Nikarudisha. Akauliza, mama yake akajibu. Akaniambia nirudishe tena. Wimbo hakuutaka tena siku ile, alitaka swali lile tu, na kila mara alilijibu, wakati mwingine kwa neno moja, wakati mwingine akamwambia anika tu, kuna jua. Mimi nilikuwa nyuma ya mti wa kahawa nikirudisha. Sijui ni mara ngapi. Nilirudisha mpaka aliponyamaza mwenyewe, swali likapita bila jibu, na nikajua sasa nizime.